Pedi ya joto ya betri ya lithiamu: Kitulo inahitajika, Mbeya mjini hapana

Pedi tunayoizungumzia ni ya silikoni, volti 12, wati 40, ina gundi upande mmoja na thamostati (swichi inayojiwasha na kujizima kwa joto) iliyofichwa ndani yake. Imefungwa kwenye betri ya lithiamu ya Ah 100 ndani ya Hiace iliyogeuzwa gari la kulala.

Anayelala Mbeya mjini asiinunue. Baridi ya Julai inauma, lakini betri iliyo ndani ya gari haifiki sifuri. Kitulo ni habari nyingine. Huko juu, mita 2,600 hivi, kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Betri hizi hutoa umeme hata chini ya nyuzi 0; kinachoziua ni kuchajiwa zikiwa na baridi hiyo. Lithiamu inashindwa kupenya ndani ya grafiti, yaani kaboni ya upande hasi wa seli, inaganda juu yake kama metali, na uwezo wa betri uliopotea haurudi. Saa mbaya ni asubuhi, jua linapogonga sola wakati seli bado ni za baridi. BMS nzuri, yaani saketi ya kulinda betri, hukata chaji. Za bei rahisi nyingine hazina kinga hiyo.

Kwa kupasha, pedi haina tatizo. Kasoro kubwa ni thamostati yake: inasoma joto la pedi, si la betri. Inajizima mapema huku katikati ya seli bado baridi. Kwa hiyo chagua pedi isiyo na thamostati, uifunge na W1209, kidhibiti kidogo cha joto chenye sensa. Weka P0 (hali ya kazi) iwe H, yaani kupasha, joto la kuzima 10, P1 (tofauti ya kuwaka na kuzima) iwe 5: itawaka kwenye 5 na kuzima kwenye 10. Sensa ibandike ubavu wa betri ulio mbali na pedi. Kabla ya kufunga, tumbukiza sensa hiyo kwenye maji yenye barafu iliyopondwa; pedi isipopata moto, mipangilio ina kosa.

Kati ya pedi na betri weka bati la alumini la milimita 2, joto lisirundikane sehemu moja. Fyuzi iwe ya ampea 5, karibu na betri, kwa sababu volti zikipanda hadi 14 pedi hula karibu ampea 4.

Bila boksi la povu la milimita 25, pedi itawaka usiku kucha. Ukiwa nalo, kwa muda wa saa 12 pedi haili hata asilimia 10 ya betri. Ukishuka Kyela, toa kifuniko cha boksi: kuchaji juu ya nyuzi 45 nako kunaiharibu.