Darasa la lishe la wenye kisukari hapa Mbeya, nimemaliza wiki sita

Wandugu habari zenu, kuna watu waliniomba mrejesho wa lile darasa la lishe la wenye kisukari na uzito mkubwa, lipo kwenye kliniki moja hapa mjini jina siweki, ni kila Jumamosi kwa wiki sita, elfu tano kila ukienda. Mi nina sukari mwaka wa nne saivi na nilianza na kilo 96.

Siku ya kwanza afisa lishe alituambia kila mtu apakue ugali kama anavyopakuaga kwake alafu anapima kwenye mizani ya jikoni. Mama mmoja wa Uyole aliyekaa pembeni yangu ugali wake peke yake ulisoma gramu 640, mboga kijiko kimoja tu pembeni. Wala afisa lishe hakumgombeza, alipunguza ugali ukabaki robo ya sahani, nusu nzima akajaza mnafu na majani ya maboga, robo iliyobaki maharage. Yule mama akaiangalia weee kisha akauliza, "Mwanangu, hapa nitashiba kweli?" Akala taratibu na kweli hakuongeza.

Ndo hapo tukaelezwa habari ya nyuzinyuzi, ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuisaga, na nimeielewa kwa mara ya kwanza tangu niambiwe nina sukari, yani zile za maharage zikifika tumboni zinavuta maji zinakua kama uji mzito, kwahiyo sukari inaingia kwenye damu pole pole haipandi kwa kishindo, na njaa inachelewa kurudi. Mtu mzima anatakiwa apate angalau gramu 25 kwa siku, na nusu parachichi tu la saizi ya kati lina kama 6, sasa sisi wa huku parachichi tunazo mpaka zinaoza! Dona nayo inazidi sembe kwa nyuzinyuzi ila bado ni wanga, usijaze sahani eti kisa dona. Na tunda tule lenyewe, tuachane na juisi.

Sasa lawama. Kile kikaratasi wanachogawa kimejaa brokoli na shayiri za kwenye boksi, nani anazipata genge la mtaani kwa hela ya kawaida? Waandike mnafu, kunde, njegere, ulezi, watu wataelewa. Na lile onyo la kuongeza nyuzinyuzi kidogo kidogo na kunywa maji mengi lilikuja wiki ya pili, wakati mi nilishakula kande siku tatu mfululizo tumbo likajaa gesi sikulala. Hilo liwe la kwanza kabisa jamani, watu wanakata tamaa.

Sukari ya asubuhi imetoka 11 imefika 8, kilo zimepungua tatu, dawa naendelea nazo kama kawaida maana dokta ndo anaamua. Ukienda beba sahani yako ya nyumbani na uwahi kabla ya saa mbili, viti havitoshi.