Sindano ya uviko Mbeya: kituoni walichemsha, sokoni mambo safi

Sijui kama watu wanaandikaga maoni ya huduma ya chanjo ila mi naandika, maana huduma ni ileile nimeifuata sehemu mbili na tofauti yake mbingu na ardhi.

Ya kwanza ni Agosti 2021. Mama Samia kashachomwa tarehe 28 Julai pale Ikulu kila mtu kaona kwenye tivii, mama yangu akanigeukia, we si ulisema mkubwa akichoma na wewe utachoma, haya nenda. Na kwa vile nina sukari nikawa kwenye lile kundi la mwanzo. Nikajisajili kwenye simu, saa mbili asubuhi niko kituoni (sikitaji, kipo hapahapa mjini), baridi ya Mbeya mnaijua, sweta mbili na bado natetemeka. Tuko watatu tu. Tumekaa kwenye benchi mpaka saa tano kimya, ndo nesi anapita anasema tunasubiri mtimie watano. Kumbe ile ya Johnson kichupa kimoja ni cha watu watano na kikishatobolewa kina masaa yake, yakipita inamwagwa. Hilo naelewa kabisa, dozi zilizoingia mwanzoni nchi nzima ni 1,058,400 tu, kumwaga ni dhambi. Ila si mngetuambia saa mbili tuwapigie majirani?? Saa saba tukaambiwa njooni kesho. Kesho ipi, mi nauza viazi soko la Mwanjelwa, gunia litajiuza? Sikurudi, nikaendelea na nyungu zangu.

Baadae ukaja ule mpango shirikishi na harakishi, wakaacha kutungojea wakaanza kutufuata. Asubuhi moja naona meza inawekwa katikati ya magunia, manesi wawili na boksi la barafu. Bibi mmoja wa ndizi za Tukuyu akauliza eti kweli ukichomwa kijiko kinanata mkononi? Nesi hakucheka wala hakumkaripia, kasema bibi mi mwenyewe nimechanja, kaazima kijiko cha mama ntilie kakibandika kwenye bega lake, kikadondoka kwenye tope, mwenye kijiko akafoka, watu tukafa kwa kicheko. Bibi akasema ndaga (asante kwa Kinyakyusa), akakunja mkono wa gauni. Baada ya hapo foleni ikajipanga yenyewe.

Mi dakika tano nimemaliza, nikakalishwa kama robo saa waone kama sidondoki, bure, hakuna aliyeomba hata mia. Usiku homa, mkono mzito kama nimepigwa mpini, siku ya tatu freshi.

Kasoro ni cheti. Jina limeingia kwenye mfumo ndivyo sivyo, kurekebisha nimezungushwa ofisi moja mara tatu nauli za bajaji zinanitoka, na mpaka leo herufi moja bado ya kwao sio yangu.

Sokoni nyota nne. Kituoni moja, na hiyo ni ya benchi, lilikuwa imara.