Tochi ya gesi na oksijeni kwa kazi ya shanga za kioo: tathmini baada ya miezi minane

Nimeitumia tochi hii ya mezani, inayochoma gesi ya propani pamoja na oksijeni, karibu kila jioni kwa miezi minane, na kinachonifanya niipende zaidi ni usafi wa moto wake. Ile niliyoanza nayo ilitegemea gesi peke yake na hewa iliyovutwa kupitia matundu ya shingoni. Iliyeyusha kioo taratibu mno, na shanga zangu nyeupe zilitoka na mawingu ya kijivu kama kitambaa kilichofukizwa moshi.

Katika hii, gesi na oksijeni hukutana nje ya mdomo wa tochi, kwa hiyo moto hauna nafasi ya kurudi ndani, na kila moja ina vali yake. Faida ya vali hizo niliiona wazi nilipoyeyusha ufito wa rangi ya feruzi. Rangi hiyo hutokana na shaba, na oksijeni inapopungua, uso wa ushanga huvaa utando mwekundu kama tofali. Niliongeza oksijeni kidogo tu, chini ya robo mzunguko wa vali, na kuanzia ushanga uliofuata feruzi ikabaki feruzi.

Oksijeni naipata kwenye mashine inayoichuja kutoka katika hewa ya chumbani, lita 5 kwa dakika, na kiasi hicho kinatosha kwa shanga za kioo laini zisizozidi sentimita 2. Zaidi ya hapo moto huelemewa, na kioo cha borosilikati, ambacho hakilainiki upesi, kimenichosha mkono bure. Anayekusudia kutengeneza vyombo vya kioo hicho atafute tochi kubwa.

Kitasa cha vali ya oksijeni kililegea mwezi wa tatu, nikakikaza kwa bisibisi. Kinachonisikitisha zaidi ni kijitabu cha maelekezo, ambacho hakisemi neno juu ya miwani. Sodiamu iliyomo kwenye kioo hutoa mng'aro wa manjano unaokificha kile unachokiyeyusha. Miwani ya didimiamu huukata mng'aro huo, na bila hiyo mtu huuviringisha ushanga kwa kubahatisha. Hakisemi pia kwamba propani ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, wala kwamba ushanga usiopoozwa polepole katika tanuri, kuanzia nyuzi 510 hivi za Selsiasi, unaweza kupasuka siku nyingi baada ya kukamilika. Wangu wa kwanza ulipasuka ukiwa umekwisha kutungwa.