Gereji iliyonitolea thamostati bila kuniuliza

Sipendi kuandika vibaya kuhusu kazi ya mtu ila hawa jamaa wamenikera mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Gari yangu imevuka kilomita 300,000 na naipenda, haina misi, yaani injini haikatikikatiki, haitoi moshi, shida yake ilikuwa moja tu, imeanza kula mafuta kuliko zamani. Nikaipeleka kwa hawa wanaojitangaza kwamba magari yaliyotembea sana ndo kazi yao. Na niseme ukweli, mwanzo walifanya kazi safi. Plagi zilikuwa zimelika wakaweka mpya za aina ileile ya kwenye kitabu cha gari, filta ya hewa wakabadilisha, throto, yaani kile kilango cha kupitisha hewa kwenda kwenye injini, ilikuwa imejaa masizi wakaiosha, halafu kuna kijana mmoja mpole sana akanyanyua gari akazungusha tairi la nyuma kwa mkono likagoma, kumbe breki inakamata, yaani muda wote huo injini inavuta na breki inazuia, mafuta yataachaje kuisha? Huyo kijana nampa nyota zote.

Basi nikaondoka nimefurahi, gari inavuta, lakini mafuta yanashuka vilevile, pengine hata zaidi. Na mshale wa temperecha ambao siku zote unakaa karibu na katikati, sasa haupandi, nikishika barabara kuu ndo unazidi kulala. Baadaye na taa ya injini ikawaka. Nikarudi.

Hapo ndo nikakutana na fundi mkuu. Hakufungua hata boneti. Mbele ya wateja wengine ananiambia, "Bosi, gari hii imeshakula chumvi nyingi, uza uchukue nyingine." Nikamuuliza mbona mshale haupandi, akacheka, "Si ndo vizuri haichemki? Thamostati tumeitoa, gari ya zamani haiihitaji." Jamani! Umetoa kifaa kwenye injini yangu, hujaniuliza, hujaniambia, na kwenye risiti hakipo!

Thamostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyingi zinafunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 90 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini inabaki ya baridi, na kompyuta ya gari ikiona baridi inadhani ndo kwanza umewasha, inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, na hiyo oili inazidi kuwa nyepesi wakati injini kuukuu ndo inahitaji ulinzi zaidi. Na kama gari inachemka kweli basi kuna sababu, rejeta imeziba, feni haifanyi kazi au pampu ya maji imechoka, kutoa thamostati kunaficha tu ugonjwa. Hii kitu fundi mkuu haijui au anaijua na hajali, sijui lipi baya zaidi.

Nikaenda gereji nyingine, wakapima kwa mashine ikaleta kodi ya hitilafu P0128, maana yake injini haifikii joto lake. Wakafunga thamostati mpya na gasketi yake, wakajaza kulanti, yale maji ya kupozea injini, wakatoa hewa iliyobaki humo, na oili wakamwaga maana ilishaanza kunuka petroli. Mshale ukarudi pale pale pake na mafuta sasa yanakaa, tena yanakaa kuliko kabla sijaenda kokote, na hapo lazima nikubali zile plagi na ile breki zimechangia. Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota tatu, kazi ya yule kijana ni kazi ya kweli, ukimkuta yeye mwachie gari yako simama pembeni uangalie. Ila nikikumbuka nilivyoambiwa niuze gari wakati ubovu wameuweka wao, tena mbele za watu, hapana, tatu hazitoki. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya kijana. Thamostati yangu niliidai, wakaniambia ilishatupwa.