Hex au Bestow Curse: laana ipi ina utamu zaidi mezani?

Kwa kundi la Dodoma linalocheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons kwa sheria za 2014, amueni hili kabla ya kuchagua wahusika: Hex na Bestow Curse ni laana za kichawi; Hex ni ya aina ya mhusika iitwayo warlock, Bestow Curse ni ya aina za bard, cleric na wizard.

Hex ni ya ngazi ya 1, inafika futi 90, inadumu hadi saa nzima, na mlengwa harushi dadu ya kujiokoa. Wengi huitumia kuongeza madhara tu, dadu moja ya pande 6. Mimi naona wanaipunja. Unachagua uwezo mmoja wa mlengwa, kama Hekima, na kila jaribio la uwezo huo anarusha dadu mara mbili na kubaki na namba ndogo. Mlinzi wa ghala ukimlaani kwenye Hekima, uangalifu wake wa kawaida unashuka kwa 5. Fanya ukiwa mbali, maana unapolaani unatamka maneno na kufanya ishara, anaweza kukugundua.

Bestow Curse, ngazi ya 3, lazima umguse mtu, anaweza kujiokoa, na inaisha kwa dakika moja. Inachosha, mpaka ukumbuke kwamba msimamizi wa mchezo anaruhusiwa kukubali laana ya kubuni, isizidi nguvu zile zilizoandikwa. Mchuuzi wa zabibu anayechezea mizani: kila akitaja uzito wa uongo, anacheka kama fisi mbele ya wateja. Ukitumia nafasi ya uchawi ya ngazi ya 5 badala ya ya 3, inadumu saa 8, siku nzima ya soko, bila wewe kulazimika kuishikilia kwa umakini.

Nachagua hii ya pili. Msimamizi akiwa mgumu, chukueni Hex.