Uzoefu wangu na mtandao wa matangazo ya gemu za simu

Nautumia mtandao huu kwa kazi mbili: kutafuta wachezaji wapya na kuingiza mapato kwa matangazo ndani ya gemu. Kinachonifanya niusifu ni sehemu ya kubadilishana matangazo. Watengenezaji wawili wanakubaliana, kila mmoja anatangaza gemu ya mwenzake, na hakuna pesa inayotoka mfukoni. Chartboost ya San Francisco, iliyoanza 2011 na kununuliwa na Zynga 2021, nayo ilijijengea jina kwa huduma ya namna hii. Kwa studio ndogo isiyo na bajeti, hapa ndipo pa kuanzia. Ila chagua mwenza mwenye wachezaji wanaofanana na wako. Mpenzi wa mafumbo ya maneno akiletewa gemu ya kupigana, ataipakua kwa udadisi na kesho yake ataifuta.

Kwenye kampeni za kulipia, dashibodi inatanguliza bei ya kila usakinishaji, na hiyo peke yake inapotosha. Ukilipa dola 0.40 kwa kila usakinishaji, na kati ya wachezaji 100 wakabaki 5 tu siku ya 7, kila aliyebaki amekugharimu dola 8. Hesabu hiyo uifanye mwenyewe kwa kila gemu inayoonyesha tangazo lako, kisha zuia zile zinazoleta watu wasiokaa. Kitufe cha kuzuia kipo, na kinafanya kazi vizuri sana.

Video za zawadi, yaani matangazo ambayo mchezaji huyatazama ili apewe sarafu za gemu, zinahitaji umakini. Itisha video mchezaji anapoanza hatua. Ukisubiri abonyeze kitufe, atakaa akitazama duara linazunguka. Video isipopatikana, ficha kitufe. Sarafu zitolewe pale SDK (msimbo wa mtandao unaouweka ndani ya gemu) inapothibitisha kwamba video imetazamwa hadi mwisho. Ukizitoa dirisha linapofungwa, watu wataikatisha video na bado watazichukua.

Usisahau faili la app-ads.txt, linaloorodhesha walioruhusiwa kuuza nafasi za matangazo ya gemu yako, kwenye tovuti uliyoitaja kwenye ukurasa wa gemu dukani. Kitambulisho cha akaunti yako ndani yake kikikosewa herufi moja, wanunuzi wengi wa nafasi hizo wanaacha kuweka dau na mapato yanaporomoka, huku gemu yenyewe ikionekana haina tatizo lolote.

Lalamiko langu kubwa ni ripoti za iPhone. Tangu iOS 14.5, Aprili 2021, lazima mchezaji aombwe ruhusa kabla ya kufuatiliwa. Akikataa, taarifa za usakinishaji hupitia SKAdNetwork, mfumo wa Apple wa kuripoti matokeo ya matangazo: huja bila kumtambulisha mtu, na huchelewa siku moja au zaidi. Mtandao huu unazichanganya na taarifa za papo kwa papo kwenye grafu moja, kwa hiyo kampeni nzuri huonekana imekufa siku ya kwanza. Usiizime. Pakua ripoti ghafi, tenganisha safu za SKAdNetwork, na uipe kampeni siku tatu au nne kabla ya kugusa bajeti.