Miezi minane na dawa ya kijani: uzoefu wangu wa kumalizia makali ya wembe

Kunyoa kwa wembe wa kukunja nilijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Kunoa ndiko kulikonitoa jasho. Miezi ya mwanzo wembe ulikuwa ukinyoa vizuri wiki mbili, ya tatu unaanza kung'oa ndevu badala ya kuzikata, nami narudi kwenye kinoo. Kila safari ya kinoo inakula chuma, na wembe si kisu cha jikoni, hauna chuma cha kuchezea. Ndiyo sababu nikanunua dawa ya kupaka kwenye ukanda wa ngozi, ule unaopitishiwa wembe kumalizia makali: kwanza ya kijani, baadaye ya almasi.

Ile ya kijani ni oksidi ya kromi, rangi ileile ya wachoraji, ila imesagwa hadi chembe zake zikafika karibu nusu mikroni. Mikroni moja ni milimita moja uigawe mara elfu, na unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Yangu ilikuja kama kijiti kigumu mithili ya chaki. Ya almasi huja ndani ya bomba la sindano, nami nilichukua mbili, ya mikroni 1 na ya 0.25.

Siku ya kwanza nilipaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Dawa ikashikana madonge, wembe ukawa unapanda na kushuka kama gari kwenye matuta. Ilibidi niikwangue kwa kadi ya plastiki hadi kikabaki kivuli tu cha kijani, ngozi yenyewe ikionekana chini yake. Kivuli hicho kinatosha kabisa.

Wembe unalazwa bapa, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi, kisha unauvuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho unaubingirisha juu ya mgongo, usije ukaugeuzia kwenye makali. (Ukanda wangu una kovu la siku niliyosahau.) Baada ya kwenda na kurudi mara kumi hivi nikaona michirizi myeusi juu ya ule ukijani. Hicho ni chuma. Nilishangaa, maana mkononi huhisi kitu, wembe unateleza kama juu ya sabuni, kumbe unaliwa.

Nikatoa unywele mmoja kwenye kitana, nikaubana kwa vidole viwili ukining'inia, nikaushusha juu ya makali. Kabla ya dawa ulikuwa unajikunja na kuteleza. Safari hii ulikatika kimya, kipande kikaelea hadi kwenye sinki. Nilirudia mara sita kama mtoto. Baadaye nikagundua kuwa jaribio hili lina hila zake: unywele mnene hukatika hata wembe ukiwa haujawa tayari, na mwembamba hukwepa hata ukiwa mkali. Siku hizi nalifanya kwa kujifurahisha tu, jibu nalipata shavuni.

Na shavu lilijibu vizuri. Sehemu ya chini ya kidevu, ambako ndevu zangu zinaota kwa kuzunguka, ilinyolewa kwa mapito mawili badala ya manne, bila kuwaka.

Almasi ni habari nyingine. Ni ngumu kuliko madini yote, hivyo hakuna chuma cha wembe kinachoibishia. Mapito matano tu ya ile ya 0.25 na unywele ukawa unakatika kabla sijaushusha sawasawa. Ndevu ziliondoka kama zimepulizwa. Halafu nikajimwagia maji baridi, na shingo nzima ikanijibu. Yalikuwa makali ya kutisha lakini yenye ukorofi, yanachukua ndevu na ngozi kidogo juu yake. Nikiyapitisha kwenye ya kijani na kisha kwenye ukanda safi usio na dawa, yanatulia. Kwa ngozi yangu, almasi peke yake hapana. Mwenye ndevu ngumu na ngozi ngumu huenda akaipenda kuliko mimi. Ile ya mikroni 1 niliitumia mara moja, nikaona inafanya kazi ambayo kinoo changu cha 12,000 (namba ya ulaini wa kinoo, kubwa ndiyo laini zaidi) tayari kinaifanya.

Sasa tatizo, ambalo lilinichukua miezi mitatu kuliona. Dawa ilikuwa imenilevya. Kila wembe ukilegea kidogo, naupeleka kwenye kijani. Kinoo kikashika vumbi. Mwishowe ikawa unywele unakatika, lakini kidevuni wembe unateleza juu ya ndevu bila kuzishika. Nikatazama kwa lenzi: ubapa wa wembe uling'aa kama kioo, ila karibu kabisa na ncha mwanga ulikuwa unapinda. Makali yalikuwa yameviringika. Ukanda wa kuning'iniza hulegea, na mimi nilikuwa nakandamiza. Ngozi inazama chini ya wembe kisha inainuka nyuma ya makali, na ikiwa na dawa inakwangua pale pale ilipoinukia. Nililazimika kurudi kwenye kinoo na kuanza upya. Tangu hapo dawa naipaka kwenye kipande cha ubao wa balsa, mti mwepesi na laini, kilicholala mezani, nauachia wembe uzito wake tu, mapito kumi na basi, tena baada ya kunyoa mara kumi au zaidi. Kati ya hapo ni ukanda wa ngozi tupu, bila dawa, kila asubuhi.

Ngozi tupu iwe tupu kweli. Mimi niliupeleka wembe kwenye ukanda safi bila kuufuta, na ukijani ukahamia huko. Haukutoka kwa sabuni ya ngozi wala kwa kukwangua, kwa hiyo sasa nina kanda mbili za kijani. Futa wembe pande zote mbili kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu.

Kingine: si kila kijani ni kijani. Muuzaji mmoja aliniuzia kipande kikubwa akisema ni kilekile. Kilikuwa mchanganyiko wenye oksidi ya alumini, wa kung'arishia vyuma, na chembe zake zilikuwa kubwa. Nilipopaka nilisikia kwa kidole vijipunje kama vumbi la mchanga. Kiliacha mikwaruzo kwenye wembe. Dawa nzuri ukiisugua kati ya vidole husikii punje hata moja, ni kama unga wa poda.

Ya kijani naipa nyota nne na nusu. Ya almasi tatu, si kwa ubaya wake bali kwa shingo yangu. Kijiti cha kijani hakijapungua hata upana wa ukucha. Hilo lipande la kung'arishia vyuma nalo limepata kazi: mkasi wangu wa kupunguzia masharubu sasa unang'aa ajabu.